Vitunguu Vilivyovuka Isale

Bi Elisifa alipokwenda Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho, alimwachia mkwe wake maagizo mengi juu ya ng'ombe, machache juu ya kuku, na moja tu juu ya vitunguu. "Nitunzie vitunguu vyangu," alisema, akaupapasa mlango wa gari, akaingia. Ungedhani mtu anayependa kitu kiasi kile angeeleza kinavyotunzwa. Hakueleza, na gari likashuka zake kuelekea Moshi.

Tabitha, mkwe mwenyewe, naye hakuuliza. Angeulizaje? Alikuwa mtoto wa Same, binti wa mkulima wa vitunguu wa bonde la Ruvu, mtu aliyejifunza kutembea katikati ya matuta ya vitunguu. Mambo ya ndizi, sawa, alikubali kufundishwa. Alipoolewa Machame hakujua ndizi ipi ni ya supu ya mtori na ipi ni ya pombe ya mbege, na wanawake wa mtaani walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Kahawa alifundishwa. Ng'ombe wa maziwa alifundishwa na ng'ombe mwenyewe, kwa mateke. Lakini vitunguu? Hapo ndipo mahali pekee kwenye mlima mzima alipojiona ana lake la kusema.

Alikuwa ameolewa na Godlove, mtoto wa mwisho wa Bi Elisifa, ambaye kazi yake ilikuwa kuongoza wageni kupanda mlima, na kwa hiyo alikaa zaidi huko juu kuliko alivyokaa nyumbani. Kwa desturi ya Wachaga mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka. Mke wake basi ndiye mwenye jiko la kesho. Hivyo ndivyo isemavyo desturi, ila jikoni kwa Bi Elisifa desturi ilikuwa bado iko njiani. Kila Tabitha alipoinua mkono kufanya jambo lenye uzito, alisikia, "Acha, nitafanya mwenyewe." Hakutukanwa, hakunyimwa chakula, hakusengenywa, angalau si kwa sauti ya kusikika. Alikaa tu kama mgeni aliyechelewa kuaga. Alichokitaka, na alikiwaza zaidi akiwa anakamua peke yake, ni siku moja mama mkwe amwambie: njoo nikuonyeshe.

Vitunguu vyenyewe vilikuwa nyuma ya jiko, kwenye kitalu kirefu kilichoishia mpakani. Mpaka ni safu ya isale, ule mmea wa majani marefu ambao Wachaga huupanda kutenganisha shamba na shamba, na ambao hakuna mwenye akili timamu anayeung'oa. Ng'ambo ya isale aliishi Bi Aikaeli, mjane wa kaka mkubwa wa marehemu mume wa Bi Elisifa. Wanawake hao wawili waliolewa na ndugu wawili na kumpikia mama mkwe mmoja, lakini tangu zamani walikuwa hawasemezani. Walisalimiana kanisani na msibani, basi. Tabitha alipomuuliza Godlove sababu, Godlove alikuna kichwa akasema ni mambo ya akina mama ya zamani, jibu ambalo wanaume wa ukoo ule walikuwa wakirithishana.

Vilikuwa vitunguu vya peke yake kidogo. Vilikaa ardhini mwaka hadi mwaka bila kupandwa upya, vidogo, vyekundu, vikali kuliko vya Same, na Bi Elisifa alivichuma mwenyewe kwa kupapasa, vichache leo, vichache kesho, vingine akaviacha. Sokoni havikuwapo. Watu walisema bibi mmoja wa ukoo alipewa zamani sana na mke wa mmisionari ambaye bibi huyo alikuwa akimfulia nguo. Nyumbani viliitwa vitunguu vya nyumba, na ukishasema hivyo ulikuwa umemaliza.

Basi mama mkwe hajakaa sana Dar, vitunguu vikaanza kuchomoza mabua. Bua nene, lenye uwazi ndani, na juu yake kichwa kilichochongoka, kimefungwa utando mweupe kama karatasi. Tabitha alivitazama asubuhi moja akielekea bandani, akasimama. Maua! Kwa baba yake kitunguu kikitoa ua ni hasara tupu: nguvu yote inapanda juu, ndani kinaingia mti, na ghalani hakikai. Unakivunja ua mapema. Ukiwa umechelewa, unang'oa na kula haraka kabla hakijageuka kuni. Mtoto wa darasa la pili kule Same anayajua hayo.

Alifurahi, hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo. Alijiona kama fundi aliyeitwa kazini kwake. Alivunja vile vichwa kimoja kimoja mpaka beseni likajaa, na kwa kuwa si mtu wa kutupa kitu, akavimimina kwenye hori la ng'ombe pamoja na vipande vya mgomba. Ng'ombe alikula vyote, akalamba na hori. Kisha Tabitha akainama kuvikagua vilivyobaki ardhini, akabonyeza mashina kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Vimeshachelewa. Na alasiri hiyohiyo ilikuwa zamu ya nyumba yao kupokea jumuiya, majirani wa mtaa waje kusali na kula. Akachukua jembe, akang'oa kitalu kizima.

Machalari ya siku hiyo yalizungumzwa. Ndizi na nyama ni zilezile za kila jumuiya, lakini ule mchuzi ulikuwa na ukali na utamu ambao watu wazima waliukumbuka bila kujua wanaukumbukia wapi. Mzee wa kanisa alikula sahani tatu, akasema Same imetuletea mpishi. Tabitha akaona haya, akaangalia chini, akatabasamu hukohuko chini. Alipokuwa akiosha sufuria alikuwa ameshapanga kumwomba baba yake mbegu nzuri, kitalu kipandwe upya vitunguu vya maana, vikubwa, ili mama mkwe akirudi akute zawadi.

Kesho yake asubuhi alipeleka maziwa kituoni kama kawaida. Mpokeaji wa maziwa, Elisaria, alikuwa mtu wa maneno machache na pua nzuri. Alifungua kifuniko cha ndoo ya Tabitha, akanusa, akarudi nyuma. Akanusa tena.

"Haya siwezi kuyapokea."

"Yamefanyaje? Nimekamua sasa hivi!"

"Yananuka kitunguu, dada. Ng'ombe wako kala vitunguu. Nikimwaga kwenye tangi yataharibu ya watu wote."

Kwenye foleni watu wakacheka kidogo, bila ubaya. Huko Same baba yake alifuga mbuzi wachache tu, na habari ya maziwa kushika harufu ya kilicholiwa jana hakuwahi kuisikia. Alikuwa anafunika ndoo yake kwa aibu pale sauti ilipotoka nyuma ya foleni.

"Vitunguu gani?"

Alikuwa Bi Aikaeli. Tangu Tabitha aolewe, mama huyu hakuwahi kumsemesha zaidi ya kuitikia shikamoo.

"Vya... vya nyumbani, mama mkubwa," alisema Tabitha.

Bi Aikaeli alipima maziwa yake, akachukua ndoo yake tupu, na alipofika kwenye kona ya njia, mbali na masikio ya watu, akasimama kumngoja.

"Ulimpa ng'ombe nini?"

"Maua, mama mkubwa. Vitunguu vilikuwa vimetoa maua, nikayavunja."

"Mae!" Bi Aikaeli alishika kiuno. "Vile si maua. Vitunguu vile havina ua, havina mbegu. Juu ya bua, mahali pa ua, vinazaa vitunguu vidogo, kama maharage. Ule utando ukipasuka unaviona, vingine vimeshachipua hukohuko juu. Hivyo ndivyo unavyopanda. Njia nyingine hakuna."

"Lakini vya chini navyo si vinaota tena?"

"Vya chini vinabaki na kuzaana. Huwezi kuvimaliza, labda uving'oe." Bi Aikaeli alimtazama usoni, akatazama mikono yake, akarudi usoni. "Hukuving'oa."

Tabitha aliitazama ndoo yake.

"Uling'oa?"

"Vyote. Tulivila jumuiya."

Bi Aikaeli aliweka ndoo chini. Akacheka. Alicheka mpaka akajipangusa machozi kwa upindo wa kanga. "Na mzee wa kanisa alikula?"

"Sahani tatu, mama mkubwa."

Akacheka tena, kisha kicheko kikakatika ghafla. "Elisifa hakukuonyesha?"

"Hapana."

"Hata mimi sikuonyeshwa," alisema Bi Aikaeli. Akachukua ndoo yake, akaingia langoni kwake.

Tabitha alikwenda moja kwa moja bandani. Alipekua hori kwa mikono, akapekua samadi kwa jembe, akapata vipande vya mabua vilivyotafunwa na kitu kingine hakuna. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia ila ng'ombe. Huwezi kuishi na mama mkwe asiyekwambia kitu, halafu kitu kimoja alichokuachia ukakila ukakimaliza na jirani zake.

Simu ikaita mchana huohuo. Bi Elisifa alikuwa na sauti ya msichana. Bandeji imetolewa. Ameona sura ya mjukuu wake, ameona nyanya sokoni, kumbe nyanya ni nyekundu namna ile. Isack, mwanawe mkubwa, atampandisha basi Jumamosi.

"Na vitunguu vyangu?"

"Vipo, mama," alisema Tabitha.

"Utando umeshapasuka?"

"Bado kidogo."

"Usiviguse. Nataka nivione kwa macho yangu."

Uongo wa kwanza huwa umeshatoka kabla hujaamua kuusema. Baada ya hapo unabaki na kazi ya kuutafutia viatu. Tabitha aliacha ng'ombe kwa jirani, akateremka Moshi mjini, soko la Mbuyuni, akazunguka meza za vitunguu zote. Vya Mang'ola vilikuwapo, vya Same vilikuwapo, tena aliwaona wachuuzi wawili waliokuwa wakinunua kwa baba yake, akajificha uso. Vitunguu majani vilikuwapo vya kumwaga. Alipoeleza anachokitafuta, kitunguu kinachozaa kitunguu kichwani, wauzaji waliitana wamsikilize. Mmoja akamwambia, dada, hicho ukikipata niletee na kuku anayetaga mkiani. Alipanda kurudi Machame mikono mitupu.

Hapo ndipo alipokumbuka uso wa Bi Aikaeli. Mtu ambaye hakuonyeshwa, alijuaje kwamba vingine vinachipua hukohuko juu?

Hakupita mpakani. Alizunguka kwa barabara kubwa, akabisha hodi langoni kama inavyotakiwa, akapiga magoti kidogo, shikamoo mama mkubwa. Bi Aikaeli hakuuliza kilichomleta. Alimwongoza nyuma ya banda, akapita mfongo ulioleta maji kutoka juu, mpaka kwenye magimbi yaliyostawi karibu na isale. Akayafunua majani ya magimbi kwa fimbo.

Vilikuwa pale. Kitalu kizima, kimekaa bila mistari wala utaratibu, mabua yamesimama, vichwa vimefungwa utando.

"Sikuiba," alisema Bi Aikaeli.

"Sikusema umeiba, mama mkubwa."

"Nakwambia ujue. Vinatembea hivi. Bua likizaa linaelemewa, linainama, linalala chini, na kichwa kinaota pale kilipoangukia. Mwaka unaofuata vinasogea tena. Kitalu cha Elisifa kinaishia mpakani. Vilipofika kwenye isale havikujua kwamba ni isale." Alikaa juu ya jiwe. Hasira yake ilikuwa ya zamani, lakini haikuwa imechakaa. "Mama mkwe wetu nilimuuguza mimi. Elisifa alikuwa na watoto wachanga, simlaumu. Nilimwosha mimi, nilimlisha mimi. Alipofariki nikamwomba Elisifa kiganja kimoja tu cha mbegu, niwe na kitu cha yule mama. Akaniambia ni vitunguu vya nyumba, na nyumba ni ya mtoto wa mwisho. Siku niliyoviona huku kwangu vimeota vyenyewe, nilikaa hapa nikalia."

Tabitha naye machozi yalikuwa karibu, kwa sababu zake mwenyewe.

"Chukua," alisema Bi Aikaeli. "Chimba na udongo wake, visinyauke. Ni vilevile, hataona tofauti."

"Na akijua?"

"Atajuaje? Mimi nimenyamaza miaka yote hii, nimeshazoea. Tena," akatabasamu upande mmoja wa mdomo, "Elisifa kula vitunguu vyangu bila kujua, hiyo kwangu ni sherehe."

Tabitha alivihamisha kwa beseni, akizunguka kwa barabara kila safari, kanga imefunika juu. Alivipanda nyuma ya jiko, akavimwagilia, akaweka samadi iliyooza. Mkono ulijisahau ukafanya kama ulivyofundishwa Same: ukapanga mistari iliyonyooka, nafasi sawasawa. Alipomaliza akakiona kitalu kinapendeza kuliko zamani. Hakujisikia vizuri hata kidogo.

Jumamosi Bi Elisifa alishuka kwenye gari akiwa na miwani myeusi, mwendo umebadilika, haburuti tena mguu kutafuta jiwe. Hakuingia ndani. Aliinua miwani, akatazama migomba, akatazama mlima uliokuwa umefunga mawingu, akasema hata mawingu alikuwa ameyakosa. Kisha akamtazama mkwewe. Tabitha aliolewa katika nyumba ile macho ya mama mkwe yakiwa yameshafifia, na ndiyo kwanza mama huyu anamwona usoni.

"Kumbe una mwanya," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hakuna aliyeniambia." Akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayechagua embe, akamwachia. "Twende kwenye vitunguu."

Alichuchumaa mbele ya kitalu, akapitisha mkono juu ya mabua. Tabitha alisimama nyuma yake.

"Umevipanga mistari."

"Ndiyo, mama."

"Vilikuwa vimejazana, nilikuwa navisikia kwa mkono. Nilitaka kuvipunguza nikashindwa, sioni. Hukungoja kuambiwa." Bi Elisifa aliinuka akishikilia goti, akageuka, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajazoea kusifu. "Umefanya vizuri, mwanangu. Utando huu ukipasuka, njoo nikuonyeshe namna ya kuchagua mbegu."

Hayo hapo, maneno yenyewe. Tabitha alikuwa ameyangoja tangu harusi, na sasa yamekuja kwa mlango wa nyuma, yamemfuata mtu mwingine, mkwe mzuri aliyetunza vitunguu. Mkwe huyo hakuwapo. Angeweza kuitikia ndiyo mama, akaingia kupika chai, na hakuna ambaye angejua mpaka kiama. Bi Aikaeli amesema atanyamaza. Lakini kila akiwaza kukaa karibu na mama huyu, anaonyeshwa, anaitwa mwanangu, mkono wake ukigusa vitunguu vya ng'ambo, aliona hataweza.

"Mama, hivi si vyako."

"Si vyangu vipi?"

Alisema yote. Maua ambayo hayakuwa maua, ng'ombe, jembe, jumuiya, sahani tatu za mzee wa kanisa, maziwa kukataliwa, uongo wa simu. Alisema kwa haraka, akipiga magoti palepale kwenye udongo. Alipofika kwa Bi Aikaeli akapunguza sauti. "Ni yeye aliyenipa, mama. Kwake vipo vingi. Hakuiba. Vilivuka vyenyewe."

Bi Elisifa alivuta kigoda cha jikoni, akakaa.

"Najua vinatembea," alisema mwishowe. "Kila mwaka nilikuwa navifuata mpakani navirudisha. Macho yalipoharibika nikawa sioni vinaishia wapi."

Akaingia ndani bila kuulizia chai, akafunga mlango wa chumba chake. Tabitha aliandaa chakula kikapoa mezani. Kichwani alikuwa ameshafunga nguo zake, ameshapanda basi, ameshashuka Same, na mama yake anamuuliza umefanya nini wewe, na yeye anajibu, vitunguu, mama.

Asubuhi alipotoka kukamua alimkuta Bi Elisifa amesimama mpakani na panga mkononi. Lakini mama yule alikata jani moja tu la isale, refu, bichi, akalifuta vumbi kwa kanga, akalikunja, akalipiga fundo. Hata mtoto wa Same aliyeolewa mlimani anajua maana yake. Anayetaka msamaha hupeleka jani la isale lililofungwa fundo, na anayepelekewa hawezi kulikataa, hata awe ameumizwa vipi.

Tabitha aliacha ndoo, akamkimbilia. "Mama, mimi ndiye niliyekosa. Nipe hilo jani, nikuletee mimi."

"Lako nimeshalisikia jana," alisema Bi Elisifa. "Hili si lako."

Kisha akafanya jambo ambalo Tabitha hakuwahi kumwona mtu wa nyumba ile akilifanya. Hakuzunguka kwa barabara. Alitenganisha majani ya isale kwa mikono miwili, akapita katikati, akaenda kwa Bi Aikaeli.

Alikaa huko mpaka jua likawa kali. Tabitha alikamua, akapeleka maziwa, yakapokelewa, akarudi, akafagia ua uliokuwa umefagiwa. Waliporudi walikuwa wawili. Macho ya Bi Aikaeli yalikuwa mekundu, ya Bi Elisifa yamefichwa na miwani. Walikunywa chai jikoni, palepale ambapo Bi Aikaeli alipika zamani, na walichozungumza ni bei ya pumba na ubovu wa barabara. Tabitha alihudumia akatoka.

Utando ulipopasuka, walichuma pamoja, pande zote mbili za isale, wakamwaga kwenye ungo mmoja. Vitunguu vidogo vyekundu, vingine vimetoa ndimi za kijani tayari. Tabitha aliitwa. Alikuta mkeka umetandikwa nyuma ya jiko na wazee wake wawili wamekaa, ungo katikati yao.

"Kaa," alisema Bi Elisifa. "Vikubwa vigumu ni vya kupanda. Vilivyolegea ni vya kupika. Usivunje tena kichwa mpaka kipasuke chenyewe. Ndiyo yote, hakuna zaidi. Ningeweza kukwambia siku ile uliyoingia humu."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nangoja nione kama utakaa." Alivua miwani, akaifuta, hakuivaa. "Na kuna lingine. Mama mkwe wetu alipokaribia kufa aliniita akaniambia nigawane vitunguu na Aikaeli. Aliniambia kwa mdomo wake. Mimi nilikuwa bado kijana, nimechoka kusikia Aikaeli hivi, Aikaeli vile. Nikajiambia, nitagawa mwakani. Mwakani nikasema mwakani."

Bi Aikaeli aliangalia migomba. "Ameniambia," alisema. "Tumeshamaliza."

Bi Elisifa aliuinua ungo kwa mikono yote miwili, akauweka mapajani mwa Tabitha. "Gawa wewe."

"Nigaweje, mama?"

"Mwenye nyumba haulizi."

Tabitha alizamisha viganja viwili, akachagua vikubwa vigumu, akasogea kwa magoti, akavimimina kwenye kanga ambayo Bi Aikaeli alikuwa ameitandaza mapajani. Kisha akainua macho kumtazama mama mkwe wake, aone kama amekosea.

Bi Elisifa alikuwa akiitazama kanga ile kwa macho yake mapya.

"Ongeza," alisema.